Mefiboshethi: mama gani angemwita mwanawe Aibu?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi nafundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu. Wiki iliyopita tulisoma habari za Mefiboshethi, yule mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu. Nikawaeleza kama nilivyosikia kwa wahubiri, kwamba jina lake maana yake ni "mtu wa aibu", aliitwa hivyo kwa sababu ya ulemavu. Mtoto mmoja wa miaka tisa akaniuliza, "Kwani mama yake hakumpenda?" Nikakosa jibu. Nyumbani nikafungua 1 Nyakati 8:34 nikakuta mwana wa Yonathani anaitwa Merib-baali. Ni mtu yule yule au ni ndugu yake? Na kama ni yeye, mbona ana jina la Baali? Yonathani si alikuwa mcha Mungu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza huyo mtoto mpe peremende kwa niaba yangu. Swali lake mimi sikujiuliza kwa miaka mingi, na si mara moja nilisimama mimbarini nikahubiri hayo hayo uliyoyasikia: Mefiboshethi mtu wa aibu, kilema wa Lo-debari, mfano wa mwenye dhambi. Mahubiri yale yalipendwa sana. Kasoro yake ni kwamba niliisoma sura ya 9 ya 2 Samweli bila kurudi nyuma hadi sura ya 4.

Irudie leo. Mstari wa 4 unasema Yonathani alikuwa na mwana aliyelemaa miguu, kisha unaeleza ilivyotokea. Mtoto alikuwa na miaka 5 siku habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya akambeba akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Hadi asubuhi ya siku ile alikuwa akikimbia huku na huko kama watoto wako wa Jumapili. Na mtoto wa miaka 5 ana jina tayari. Katika Biblia ya Kiebrania mtoto hupewa jina anapozaliwa, mara nyingi na mama yake. Kinachowapoteza wahubiri ni mpangilio wa mstari wenyewe: jina limewekwa mwishoni, baada ya kuanguka, basi msomaji anadhani moja limezaa la pili. Alilipata jina lake akiwa mzima, mjukuu wa mfalme, mwana wa mrithi wa kiti. Miguu haimo.

Utaniambia, lakini hata kwetu wapo akina Shida, Tabu, Masumbuko na Mashaka, na mama zao waliwapenda. Ni kweli, na Waebrania nao walikuwa na desturi hiyo. Mke wa Finehasi alijifungua siku sanduku la agano lilipotekwa, akamwita mtoto Ikabodi, "utukufu uko wapi?" Raheli akiwa katika kukata roho alimwita mwanawe Ben-oni, mwana wa huzuni yangu, na ni Yakobo aliyelibadilisha likawa Benyamini. Yabesi naye wa 1 Nyakati 4 jina lake linatokana na utungu wa mama yake. Lakini angalia jambo moja: kwa kawaida panapokuwa na jina la namna hiyo, Biblia inakusimulia kisa chake. Kwa Mefiboshethi hakuna kisa. Ukoo wa kifalme unampata mtoto wa kiume, anaitwa Aibu, halafu hakuna anayeeleza kwa nini? Hapo ndipo tunapaswa kushuku kwamba jina tulilo nalo si lile alilopewa.

Na wewe mwenyewe umekwisha kuliona lile alilopewa. Merib-baali wa 1 Nyakati 8:34 ni huyo huyo. Baba yake ni Yonathani, babu yake Sauli, na mwanawe anaitwa Mika, kama vile Mefiboshethi wa 2 Samweli 9:12 alivyokuwa na mtoto mdogo jina lake Mika. Linganisha na baba yake mdogo, yule mwana wa Sauli aliyetawala kwa muda baada ya vita vya Gilboa. Katika 2 Samweli anaitwa Ishboshethi, lakini katika 1 Nyakati 8:33 ni Esh-baali. Tena Gideoni: katika Waamuzi 6:32 anapewa jina la Yerubaali, ila ukifika 2 Samweli 11:21, pale Yoabu anapokumbusha namna Abimeleki alivyouawa kwa jiwe la kusagia, baba yake ametajwa kuwa Yerubeshethi. Majina matatu, na katika yote matatu mwisho uliokuwa *baali* umegeuka *boshethi* au *beshethi*. *Boshethi* kwa Kiebrania ni aibu, hapo wahubiri hawakukosea. Kosa lao ni kudhani kwamba aibu hiyo ni ya mtoto.

Aibu ni ya Baali. Nabii Hosea, 9:10, anasema mababa walipofika Baal-peori walijitoa kwa boshethi. Yeremia 11:13 ni wazi zaidi: anawaambia Yuda kwamba wameweka madhabahu za boshethi, kisha papo hapo anafafanua, madhabahu za kumfukizia Baali uvumba. Kwa manabii hawa "Aibu" lilikuwa jina la kejeli la Baali, kama vile mtu akikuudhi sana unavyoacha kumtaja kwa jina lake ukaanza kumwita "yule kitu".

Mbona basi Yonathani, mtu wa Mungu, akampa mwanawe jina lenye Baali ndani yake? Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya kulielewa jambo hili kuliko wasomaji wengi. *Baali* kabla ya kuwa jina la mungu lilikuwa neno la kawaida, na maana yake ni bwana. Mwenye nyumba ni baali wa nyumba. Mwenye ng'ombe ni baali wa ng'ombe. Mume naye ni baali wa mke wake, na hadi leo mwanamke anayesema Kiebrania akitaka kusema "mume wangu" hutumia neno hilo. Kiarabu, ndugu ya Kiebrania, kinalo pia: katika Kurani, sura ya 11 aya ya 72, mke wa Ibrahimu anashangaa atazaaje ilhali *baʿl* wake ni mzee, halafu katika sura ya 37 aya ya 125, Ilyasi anawakemea watu wanaomwomba Baʿl. Neno moja, kitabu kimoja, mara mume, mara sanamu. Sasa fikiria neno letu "bwana". Mwanamke anasema "bwana wangu kasafiri", mtumishi anasema "ndiyo bwana", vijana wanasema "acha bwana!", na Biblia ya Union imeandika BWANA kwa herufi kubwa karibu kila mahali ambapo Kiebrania kina lile jina takatifu la Mungu, Yahwe. Hakuna anayechanganyikiwa. Muktadha unatosha.

Katika siku za Sauli na Daudi, karibu miaka 1000 kabla ya Kristo, *baali* lilitumika hivyo hivyo. Mtu aliweza kumwita Mungu wa Israeli "Baali", Bwana, bila kukusudia ubaya wowote. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kinywani mwa Daudi mwenyewe. Alipowapiga Wafilisti, 2 Samweli 5:20, alimshukuru Mungu aliyewapasua adui zake kama maji yanavyopasua ukingo, kisha akapaita mahali pale Baal-perasimu, yaani Bwana wa mapasuko. Bwana aliyemshukuru ni Mungu wa Israeli, na jina alilotumia ni Baali. Katika 1 Nyakati 12:5 kuna askari wa Kibenyamini aliyemfuata Daudi huko Siklagi, jina lake Bealia. Livunje: *Baal* na *Yah*. Maana yake ni kwamba Yahwe ndiye Baali, Yahwe ndiye Bwana. Hata katika watoto wa Daudi waliozaliwa Yerusalemu yupo mmoja ambaye 1 Nyakati 14:7 inamwita Beeliada, na 2 Samweli 5:16 inamwita Eliada. Baali ametolewa, El, yaani Mungu, akawekwa badala yake.

Kwa hiyo Sauli aliyemwita mwanawe mmoja Yonathani, "Yahwe ametoa", na mwingine Esh-baali, "mtu wa Bwana", si lazima awe alikuwa na miungu miwili nyumbani. Naona alikuwa na Mungu mmoja mwenye majina mawili.

Tena hatutegemei Biblia peke yake. Mwaka 2012, huko Khirbet Qeiyafa, ngome iliyo juu ya bonde la Ela (bonde lile la Daudi na Goliathi), wachimbaji walipata vipande vingi vya mtungi uliovunjika. Walipoviunganisha wakaona maandishi yaliyochongwa kabla mtungi haujachomwa: Eshbaali mwana wa Beda. Walichapisha matokeo mwaka 2015, na wao huuweka mtungi huo katika zama za Daudi. Huyo si mwana wa Sauli, baba yake anaitwa Beda. Lakini ametuonyesha kwamba katika nyakati hizo jina hilo lilikuwa jina la watu, wala si uzushi wa mwandishi wa Nyakati. Upande wa kaskazini, Samaria, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walipata mwaka 1910 vigae vya karne ya 8 kabla ya Kristo vyenye maandishi ya wino, kumbukumbu za mvinyo na mafuta vilivyopelekwa mjini. Kimoja kinataja watu wanne wa sehemu iitwayo Aza na hesabu ya kila mmoja. Wa kwanza ni Abibaali. Wa mwisho ni Meribaali. Ndiyo, jina la mtoto wetu, limeandikwa kwa wino juu ya kigae, la mtu wa kawaida tu ambaye kumbukumbu yake yote duniani ni hesabu ya kipimo kimoja.

Basi neno zuri liliharibikaje?

Liliharibika kwa sababu majirani nao walikuwa na Baali wao. Kwa Wakanaani jina hilo lilikuwa la mungu wa mvua na radi. Vibao vya udongo vilivyoanza kufukuliwa Ugarit, pwani ya Syria, mwaka 1929, vimejaa habari zake. Mkulima wa nchi kavu anayetazama mawingu kila siku anaelewa kwa nini mungu wa mvua alipendwa. Hata katika maandiko ya marabi wa baadaye shamba linalotegemea mvua bila kumwagiliwa liliitwa shamba la baali, na wakulima wa Kiarabu wanasema hivyo mpaka leo. Kwa muda Baali bwana na Baali mungu wa mvua waliishi katika neno moja. Kisha katika karne ya 9 kabla ya Kristo mfalme Ahabu akamwoa Yezebeli binti wa mfalme wa Wasidoni, Baali wa kigeni akajengewa hekalu Samaria, manabii wa Yahwe wakauawa, ikafika siku ya Karmeli, Eliya upande mmoja na manabii 450 wa Baali upande wa pili. Baada ya damu hiyo haikuwezekana tena kusema "Baali" ukaeleweka kuwa una maana ya Mungu wa Israeli. Zaidi ya miaka 100 baadaye Hosea anaifunga biashara hiyo rasmi. Katika 2:16 Mungu anamwambia Israeli, kama mume kwa mke, kwamba siku inakuja utaniita Ishi wala hutaniita tena Baali. *Ishi* ni mume wangu. *Baali* ni bwana wangu. Mistari hiyo ukiisoma bila kujua kwamba Baali lilikuwa pia neno la "mume", utani wake wote unapotea. Na mstari wa 17 unaongeza kwamba majina ya Mabaali yataondolewa kinywani.

Hilo la kinywani wanakili wa Biblia walilichukua kwa uzito. Kutoka 23:13 inakataza majina ya miungu mingine yasisikiwe kinywani mwako. Sasa wewe ni msomaji, umesimama mbele ya watu, na kitabu mbele yako kina Esh-baali, Esh-baali, Esh-baali. Utafanyaje? Unalikwepa. Wazee wetu walikuwa hawamtaji nyoka usiku, wanasema "kamba", na kila mtu pale ndani anajua kamba hiyo ina meno. Ndivyo walivyofanya: jicho linaona *baali*, mdomo unasema *boshethi*. Kwa Kiebrania maneno yote mawili yanaanza na b na yana herufi tatu tatu, hivyo kubadilisha si kazi kubwa. Baada ya muda, kilichosemwa mdomoni kikaingia katika maandishi.

Kama unadhani nabuni, fungua Agano Jipya. Katika Warumi 11:4 Paulo anawataja watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Kigiriki kinagawa majina kuwa ya kiume na ya kike, na Baali ni wa kiume bila shaka. Lakini Paulo ameweka mbele yake kineno cha kike. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani ni kosa la chapa. Kumbe neno la Kigiriki la "aibu" ndilo la kike, na wasomaji wa Kiyahudi walipoona Baali walisoma Aibu. Kineno kile kinamwashiria msomaji alikwepe jina. Na katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya 1 Wafalme 18, wale manabii wa Karmeli wanaitwa waziwazi "manabii wa aibu".

Kulipotosha jina la mungu wa watu ili kumdhihaki hakukuishia hapo. Yule mungu wa Ekroni katika 2 Wafalme 1, Baal-zebubu, jina lake kwa Kiebrania ni "Baali wa nzi". Nani amwite mungu wake wa nzi? Katika vibao vya Ugarit Baali anaitwa *zbl*, mkuu, na Injili nazo zinaandika Beelzebuli. Wasomi wengi, nami nakubaliana nao, wanaona kuwa Baal-zebuli, Bwana Mkuu, alifanywa Baal-zebubu, Bwana wa Mainzi, kwa kubadilisha herufi moja. Ni utani wa kijiweni kabisa, ila umeingia katika Maandiko.

Wanakili hao hawakuwa na kamati wala mwongozo. Katika 1 Samweli 12:11 Yerubaali amebaki vile vile, hakuguswa. Baal-perasimu ya Daudi nayo imebaki. Ni kazi ya mikono ya watu, mmoja makini, mwingine amechoka. Na kwa nini Nyakati, kitabu kilichoandikwa baadaye sana, baada ya uhamisho wa Babeli, ndicho kilichohifadhi majina ya zamani? Maelezo ninayoyaona bora ni kwamba kitabu cha Samweli kilisomwa na kupendwa sana, kikapita katika midomo na mikono mingi, na kila mkono ukasafisha kidogo. Orodha za vizazi za Nyakati nani alizisomea watu? Wewe mwenyewe umezifungua juzi kwa sababu ya mtoto. Kisichosomwa hakichakai.

Sasa niwe mkweli kuhusu nusu ya kwanza ya jina, maana hapo mambo si laini. Ukibadilisha *baali* kuwa *boshethi* katika Merib-baali, unapata Merib-boshethi. Hupati Mefiboshethi. *Mefi* imetoka wapi? Kamusi za majina zitakupa "mwangamiza aibu" au "mtapanya aibu", kutokana na mzizi wenye maana ya kuvunja vipande. Wengine wanasema ni *mi-pi*, "kutoka kinywani mwa". Mimi naangalia kwingine. 2 Samweli 21:8 inataja Mefiboshethi wa pili, mwana wa Sauli kwa suria wake Rispa, mmoja wa wale saba waliotolewa kwa Wagibeoni wakanyongwa. Huyo alikuwa baba mdogo wa mtoto wetu, na mstari wa 7, jirani kabisa, unasema Daudi alimhurumia Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Wajina wawili katika ukoo mmoja, mmoja ameuawa na mmoja ameachwa, ndani ya mistari miwili. Inawezekana kweli walikuwa wajina. Lakini kwa kuwa Nyakati inamwita mwana wa Yonathani jina hilo mara nne, mbili katika 8:34 na mbili katika 9:40, na hapo pa pili kwa tahajia mbili tofauti, Merib-baali na Meri-baali, naelekea kuamini kwamba Mefi- lilikuwa la mwana wa Rispa na likamwambukiza mpwa wake. Wanakili walikwisha kuchanganya watu wa ukoo huu mahali pengine: gombo la kale la kitabu cha Samweli lililopatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, katika sura ya 4, linamwita mwana wa Sauli aliyetawala Mefiboshethi, mahali ambapo Biblia zetu zina Ishboshethi.

Merib-baali lenyewe lina maana gani? *Rib* ni kutetea shauri, kusimama na mtu mbele ya wazee, na hapo jina linakuwa "Bwana ndiye mtetezi". Ukifuata ile tahajia fupi, Meri-baali, baadhi ya wasomi wanaona neno *mar* la Kiaramu, lenye maana ya bwana mkubwa, na jina linakuwa "bwana wangu ni Baali", ambayo kwangu ni kama kusema Bwana Bwana. Ninashika mtetezi.

Wapo pia wanaokataa habari yote hii ya aibu. Mwaka 1975 Matitiahu Tsevat alitoa hoja kwamba *boshethi* katika majina haya si neno la Kiebrania la aibu, bali linafanana na *bashtu* la Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia (Iraki ya leo), lenye maana ya heshima na nguvu inayomlinda mtu, ambalo linaonekana katika majina ya watu wa Mesopotamia. Kwa hoja hiyo Ishboshethi angekuwa "mtu wa heshima", na huenda watu wale walikuwa na majina mawili kila mmoja. Ni hoja ya mtu msomi na siidharau. Lakini haijanieleza kwa nini Gideoni, ambaye kisa cha jina lake Yerubaali kimesimuliwa kirefu katika Waamuzi, naye aishie kuwa Yerubeshethi. Na manabii wa aibu wa Karmeli je?

Kuna jambo moja zaidi ambalo si la kamusi. Aliyeandika aibu katika jina hili, akijua au asijue, aligusa kidonda. Katika 1 Samweli 20:30 Sauli anamgombeza Yonathani mezani kwa sababu ya urafiki wake na Daudi. Anamwambia amemchagua mwana wa Yese kwa aibu yake mwenyewe na kwa aibu ya uchi wa mama yake. Neno ni *boshethi*, na amelitamka mara mbili katika pumzi moja, kisha akamtupia mkuki. Msikilizaji wa Kiebrania aliyesikia sura ya 20 na baadaye akasikia kwamba mwana wa Yonathani anaitwa Mefi-boshethi, masikio yake yangesimama. Babu alisema urafiki ule ni aibu. Na mjukuu, mwenye aibu katika jina, amebaki hai kwa sababu ya urafiki ule ule, anakula katika meza ya Daudi. Sijui kama mnakili alikusudia. Huwa naisoma pole pole nikifika hapo.

Kuhusu Lo-debari, kwa kuwa najua utaulizwa na wakubwa: wahubiri hupenda kusema ni "mahali pasipo neno" au "pasipo malisho". Kiebrania chenyewe hakina tahajia moja. Katika 2 Samweli 9 *lo* imeandikwa kwa herufi za "kwake", katika 17:27 kwa herufi za "si". Aliyelifanyia mchezo jina hilo ni Amosi, 6:13, akiwacheka watu wanaoshangilia Lo-debari, yaani kitu kisicho kitu. Lakini palikuwa mji wa kweli ng'ambo ya Yordani, na Makiri mwana wa Amieli aliyemlea mtoto wetu huko hakuwa fukara: Daudi alipomkimbia Absalomu, Makiri huyo alikuwa miongoni mwa waliomletea vitanda, ngano, shayiri, asali na siagi.

Jumapili mwambie mwanafunzi wako hivi: mama yake alimpenda, na jina alilopewa linasema Bwana ni mtetezi. Watu wa baadaye walilichafua kwa sababu hawakutaka kutamka neno moja lililokuwa ndani yake. Akitaka zaidi, na huyo atataka, mfungulie 1 Nyakati 8 mahali pale pale ulipoishia, ila usisimame kwenye mstari wa 34. Merib-baali akamzaa Mika, Mika akawa na wana wanne, na orodha inashuka kizazi hadi kizazi mpaka mstari wa 40, kwa wana wa Ulamu. Yonathani alikuwa mpiga upinde. Hata ishara aliyompa Daudi ya kukimbia aliitoa kwa mishale. Na hao wana wa Ulamu, kitukuu cha vitukuu vya yule mtoto aliyeanguka, wameandikwa kuwa watu hodari, wapiga upinde, wenye wana na wajukuu 150.